Pembetatu Iliyogeuzwa Nje

Lori la mawe lilifika alfajiri, kabla ya fundi, na dereva akamwaga mzigo wote pasipotakiwa: ndani ya kiwanja, konani kabisa. Kiwanja chenyewe kiko Waa, si mbali na barabara ya Likoni kwenda Ukunda, na nyumba iliyokusudiwa ni ya mita 8 kwa 6. Fundi alipokuja na vigingi, uzi na tepu yake, alikuta lundo la mawe limekalia njia ya vipimo vyake.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu, ninayemsaidia hesabu jioni, alikuwa amekuja kushika ncha za uzi ili apate cha kutumia likizoni. Alilitazama lundo akatikisa kichwa. "Mzee, hapa haiwezekani. Tatu-nne-tano haina pa kupita."

Kama hujawahi kusimama na fundi siku ya kuweka kona za nyumba, hesabu yake ni hii. Unapiga kigingi konani. Unapima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Ukinyoosha tepu kati ya ncha hizo mbili ikasoma mita 5 kamili, kona yako ni pembe mraba. Ikisoma pungufu, kona imebana, ikizidi, imepanuka. Ni Pythagoras yule yule wa darasani, ila kwa vigingi: 9 na 16 ni 25.

Fundi hakubishana naye. "Kwani nani kakwambia lazima ipite ndani?" Akauvuta uzi wa msingi kurudi nyuma, ukavuka kona na kutoka nje ya kiwanja, akapima mita 3 huko, akapiga kigingi. Kutoka kigingi hicho akatoa mita 5, kutoka konani mita 4, na vipimo viwili vilipokutana akapiga kingine. Mstari uliopanda kutoka konani ulikuwa ule ule ambao angeupata kwa ndani, ukipita kando tu ya mawe. Pembetatu ilikuwa imegeuzwa, inatazama nje. Hata chai haikupoa.

Kijana yule hajawahi kulikosa swali la Pythagoras. Ukimpa pande mbili anakupa wa tatu kabla hujaweka kalamu chini. Basi kwa nini alikwama? Na kwa nini aliyekwamuka ni mtu ambaye, nikimwandikia kanuni ile kwa herufi, atanitaka nimsomee?

Jibu la haraka ni kwamba fundi ana kipaji na shule inaua vipaji. Silikubali. Fundi yule ameweka kona za nyumba kuanzia Ng'ombeni hadi Msambweni kwa miaka ambayo hata yeye haihesabu. Amekutana na mashina ya minazi, miamba isiyoingia kigingi, kuta za jirani, na sasa mawe ya lori. Pembetatu ya tatu-nne-tano kwake ni kitu cha kushikika, kama jembe. Anaweza kuilaza, kuigeuza, kuifanya sita-nane-kumi uwanja ukiwa mkubwa. Kwa kijana ilikuwa picha moja kitabuni, iliyolala upande mmoja, na upande wa pili haukuwahi kuonekana. Ubunifu tulioushangaa asubuhi ile ulikuwa mazoezi ya miaka mingi yaliyotokeza kwa dakika chache.

Nalisema hili kwa wazazi na walimu wa pwani kwa sababu neno ubunifu sasa liko midomoni mwa kila mtu. Mtaala wa umilisi, uliojaribiwa shuleni Kenya kuanzia 2017 na kuenea nchi nzima 2019, umeuweka ubunifu kati ya stadi zake 7 za msingi. Ni jambo zuri. Lakini nimewahi kuamshwa usiku nitafute karatasi ya manila, gundi na rangi tatu, kwa sababu mtoto wa nyumbani kwetu ameambiwa alete "pembetatu ya kibunifu" kesho yake asubuhi. Tulikata, tukabandika, tukapaka. Ilipendeza. Nilipomuuliza kama ile pembetatu, yenye pande mbili sawa, ina pembe zozote zilizo sawa, alinitazama kama niliyebadilisha mazungumzo.

Rangi si kosa. Kosa ni kudhani mtoto atabuni kwa sababu tumempa karatasi tupu na uhuru. Kwenye jometri karatasi tupu ni jangwa. Kosa la upande wa pili, la walimu wa kizazi changu, ni kudhani kwamba mtoto akikariri nadharia zote za duara, ubunifu utakuja wenyewe siku moja, pengine chuo kikuu. Hauji. Kijana wa kwenye kiwanja ni shahidi wangu.

Kwa hiyo nashauri hivi. Chagua vitu vichache, mfundishe mtoto hadi mkono wake uvifanye bila kuuliza kichwa, kisha uanze kumbana kwa vitu hivyo hivyo vichache.

Kwa uchoraji wa rula na bikari, navitaja vitano tu: kugawa mstari katikati, kugawa pembe nusu kwa nusu, kusimamisha mstari wima juu ya nukta, kujenga pembe ya nyuzi 60, na kuchora mstari sambamba na mwingine. Dakika kumi kila jioni, mwezi mmoja. Mnunulie bikari isiyolegea. Ile inayofunguka yenyewe katikati ya tao imewafanya watoto wengi wajione wajinga bure. Penseli iwe na ncha kali. Na matao yasifutwe, kwa sababu msahihishaji wa mtihani anayatafuta hayo kuliko anavyotafuta jibu. Maji yakipwa, nenda naye ufuoni na vijiti viwili na kipande cha uzi, achore duara la mita mbili kwenye mchanga uliolowa. Duara ulilolizunguka kwa miguu yako halisahauliki upesi.

Mkono ukishazoea, mwambie ajenge pembe ya nyuzi 75. Hii haina kanuni yake. Wengi watafanya alivyofanya mwalimu ubaoni: wanajenga 90 na 60 juu ya mstari mmoja, kati yao panabaki 30, wanaigawa nusu, na mstari wa katikati unasimama kwenye 75. Vizuri. Sasa usimpongeze sana. Mwambie: nipe njia nyingine.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Atanung'unika, kwa sababu jibu analo tayari. Mwache. Baada ya muda atagundua kwamba 45 ukiipandishia 30 unapata 75. Mwingine ataona kwamba 75 ni nusu ya 150, na 150 ni kile kinachobaki ukiondoa 30 kwenye mstari ulionyooka. Binti mmoja niliyemfundisha alikaa kimya hadi nikadhani amesinzia, kisha akachora pembetatu yenye pande mbili sawa, kichwani nyuzi 30, bila kuzigusa kabisa pembe za chini. "Zilizobaki ni 150, zinagawana sawa," akasema. Hakuwa amefundishwa hivyo na mtu. Lakini angalia alichotumia: pembe ya 60 iliyogawanywa, bikari kuhamisha urefu ule ule pande mbili, na jumla ya pembe za pembetatu. Vyote alikuwa navyo mkononi tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni kuviweka pamoja.

Kwa nini mkono uzoee kwanza? Kwa sababu akili ina nafasi ndogo. Anayehangaika bikari isiteleze hana nafasi ya kujiuliza kama kuna njia nyingine. Watafiti wawili wa Marekani, Kenneth Koedinger na John Anderson, waliandika mwaka 1990 kuhusu watu mahiri wa jometri wanavyopanga uthibitisho. Waliona kwamba mahiri hatembei hatua kwa hatua kutoka kanuni hadi kanuni kama kitabu kinavyoandika. Anaitazama picha, anatambua vipande anavyovifahamu (hapa mistari sambamba iliyokatwa, pale pembetatu mbili zinazoshirikiana upande), na anaruka hatua nyingi kwa kipande kimoja, halafu anarudi baadaye kujaza zilizobaki. Ukitaka kuliona hilo, katazame wazee wakicheza bao. Aliyeanza jana anahesabu kete moja moja kwa kidole. Mzoefu anatupa jicho, anajua shimo gani linaiva.

Ila umahiri nao una ugonjwa wake, na mzazi aujue mapema. Mwaka 1942 mwanasaikolojia Abraham Luchins aliwapa watu mafumbo ya maji. Nitayasimulia kwa ndoo. Una ndoo ya lita 21, pipa la lita 127 na kopo la lita 3. Pata lita 100. Unajaza pipa, unapunguza ndoo moja na makopo mawili. Akawapa mafumbo kadhaa ya mtindo huo, wakaizoea njia. Kisha akawapa hili: 23, 49 na 3, pata 20. Wengi wakajaza chombo kikubwa, wakapunguza ndoo moja na makopo mawili, wakapata 20 kweli. Hawakuona kwamba 23 ukitoa 3 kazi imekwisha.

Mtoto aliyefanya maswali hamsini ya mtindo mmoja ndiye huyo. Dawa yake si kumpunguzia mazoezi, ni kuyavuruga. Katikati ya maswali ya Pythagoras tia moja ambalo pembetatu haina pembe mraba, uone kama atashtuka. Chora mraba uliosimama juu ya ncha yake kama kishada, umuulize ni umbo gani. Wengi watakwambia si mraba tena. Wanandoa wa Uholanzi, Pierre na Dina van Hiele, walieleza jambo hili mwaka 1957: mtoto huanza kwa kulitambua umbo kwa sura yake, kama anavyoutambua uso wa shangazi, na baadaye sana ndipo anapolitambua kwa tabia zake, pande nne sawa na pembe nne mraba. Mwalimu anayezungumza kwa tabia na mwanafunzi ambaye bado yuko kwenye sura hawasikilizani, ingawa wote wanasema "mraba". Ukilijua hili utapunguza kugombana na mtoto wako.

Na hapa nigusie lugha. Watoto wetu wanaongea Kidigo na Kiswahili nyumbani, kisha wanakutana na jometri kwa Kiingereza. Wanayakariri maneno yake marefu bila kuona kitu nyuma yake. Kabla ya kufungua kitabu, yaseme kwa Kiswahili, kwa sababu maneno yetu mengi yana picha ndani. Kipenyo kinapenya duara kutoka ukuta hadi ukuta. Mzingo unazingira. Katikati ya duara ni kitovu, na mtoto gani asiyejua kitovu kiko wapi? Mtu akisema kwa maneno yake kwamba mstari huu unamkata mwenzake katikati, tena kwa pembe mraba, amelielewa jambo, na jina la Kiingereza atalibandika juu baadaye kwa ajili ya mtihani. Kinyume chake sijakiona kikifaulu.

Mazoezi ninayoyapenda kuliko yote ni ya mbuzi, na uani kwetu mbuzi hakosekani. Nyumba ni ya mita 6 kwa 4. Mbuzi amefungwa kwenye kona, kwa nje, kwa kamba ya mita 7. Atakula majani ya eneo gani? Mwanafunzi wa haraka anachora duara la nusu kipenyo cha mita 7, anapata mita za mraba 154, anafunga daftari. Muulize: mbuzi wako anapitaje ukutani? Atacheka, kisha atakata robo moja. Zimebaki robo tatu za duara, 115.5. Bado. Mpeleke nje akaivute kamba mwenyewe. Ataona kwamba ikifika mwisho wa ukuta wa mita 6, inakunja kona ikiwa imebaki mita 1, na upande wa ukuta wa mita 4 inakunja ikiwa imebaki mita 3. Kila kona inazaa robo ya duara dogo. Jumla inakuwa kama mita za mraba 123.4.

Akimaliza hapo amepata alama zake. Lakini usimwachie mbuzi. Mwambie abuni swali lake mwenyewe kwa kugusa kitu kimoja tu: kamba, kona au nyumba. Wapo watakaoongeza urefu kiholela, kisha wagundue kwamba kamba ikizidi mita 10 mbuzi anaweza kuivuka kona ya mbali kwa njia zote mbili, na maeneo mawili yanaanza kupandana. Hapo kujumlisha tu hakutoshi. Nimeona mtoto aliyeshindwa kulijibu swali alilolitunga mwenyewe, na alikuwa na furaha kuliko siku alizopata yote. Mzazi asiyejua hesabu anaweza kulisimamia zoezi hili vizuri kabisa. Badala ya kuuliza "umepata ngapi?", sema "nionyeshe mbuzi anafika wapi." Asipoweza kukuonyesha, bado hajaelewa, hata kama jibu ni sahihi.

Kwa anayetaka zoezi la vitendo zaidi, kuna la Msumbiji. Marehemu Paulus Gerdes, mwanahisabati mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi huko hadi alipofariki mwaka 2014, aliandika kuhusu jometri iliyo ndani ya vikapu, mikeka na ujenzi wa vijijini. Anaeleza jinsi wajenzi wanavyopata msingi wa nyumba wenye kona nne za mraba bila kupima pembe hata moja. Wanachukua kamba mbili zenye urefu sawa na kuzifunga pamoja katikati. Ncha mbili, moja ya kila kamba, wanazishikiza ardhini kwa umbali wa upana wa nyumba. Kisha wanazivuta kamba zikaze. Ncha mbili zilizobaki zinaangukia zenyewe kwenye kona zinazotakiwa.

Jaribu uani na watoto, kwa kamba za kuanikia nguo. Watashangaa kwanza, kisha uliza kwa nini. Usijibu. Anayejua duara vizuri ataona, mapema au kwa kuchelewa, kwamba ncha zote nne ziko umbali mmoja kutoka kwenye fundo. Maana yake zote ziko juu ya duara moja, fundo ndilo kitovu na kila kamba ni kipenyo. Na pembe inayotazama kipenyo kutoka kwenye ukingo wa duara ni pembe mraba, jambo alilokariri darasani bila kulipatia kazi. Asiyelijua duara ataona kamba tu.

Kuna wanaosema jometri ni shamba lililokwisha kuvunwa, hakuna cha kubuni, watoto wakariri wafaulu. Pythagoras peke yake ameshathibitishwa kwa mamia ya njia. Mmarekani Elisha Loomis alikusanya 370 kitabuni. Hata rais wa Marekani, James Garfield, alichapisha yake mwaka 1876, kabla hajaingia ikulu. Hata hivyo wasichana wawili wa sekondari huko New Orleans, Ne'Kiya Jackson na Calcea Johnson, walileta njia mpya kwa kutumia trigonometria, na mwaka 2024 kazi yao ikachapishwa katika jarida la American Mathematical Monthly. Wasingeweza kufika pale bila kuijua trigonometria ya darasani hadi kwenye mizizi, na wasingefika kama kuna mtu angewaambia jibu lipo tayari, endeleeni na swali la pili.

Neno moja kwa walimu, na mimi ni mmoja wao. Mwanafunzi akileta njia isiyo yako, usiikate kwa wino mwekundu kabla hujaifuata hadi mwisho. Nyingine zitakwama, na hapo mna kitu cha kuzungumza. Najua silabasi ni ndefu na darasa lina watoto wengi. Swali moja kwa wiki lenye njia mbili linatosha, sikuombi zaidi.

Wiki iliyofuata mawe yalikuwa yamehamishwa, na fundi akaturudisha kiwanjani kupima pembe kwa pembe. Kwa 8 na 6, kila mshazari ulipaswa kusoma mita 10. Mmoja ulisoma 10, wa pili ukazidi kwa upana wa kidole. Fundi akasogeza kigingi kimoja kwa ncha ya nyundo, wakapima tena. Kijana hakusema haiwezekani. Alikuwa ameinama akitazama kiwanja kinavyoshuka kuelekea baharini, akauliza kama tepu iliyolala kwenye mteremko inasema kweli.

Fundi akamtazama kidogo, akaenda kwenye mkoba wake na kurudi na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejaa maji. Akampa ncha moja. "Ziba kwa kidole gumba," akamwambia, "na usiachie mpaka nifike kule."